Matundu ya Mama Gundi

Dada yangu hula kwa kuficha aibu. Usinielewe vibaya, aibu zenyewe ni za mbao. Jicho la tawi limedondoka likaacha shimo, kabati limekaa juani likapata ufa, patasi imeteleza kwa sababu fundi alikuwa anamwangalia mpita njia aliyependeza. Hapo ndipo utasikia sauti ikipigwa kutoka mwisho wa karakana, "Mama Gundi!" Naye anakuja polepole na makopo yake, mdomo ukiwa umeshapakiwa maneno.

"Leo umeua nini?"

"Mlango tu, mama. Nimeukwaruza kidogo."

"Kidogo? Hapa kidole changu kinapita kikapige hodi upande wa pili."

Makopo yake yamepangwa dirishani. Kila kopo lina unga wa mbao wa rangi yake, mweupe, wa manjano, mwekundu, wa kahawia, umechekechwa kwa kipande cha chandarua mpaka umekuwa laini kama poda ya mtoto. Anachota kidogo, anaweka kwenye kigae cha sahani, anatia gundi, anakoroga kwa kipande cha msumeno uliovunjika, anasiliba tundu, anaacha likauke, kisha anapiga msasa huku akiimbia puani. Akimaliza, hata fundi aliyeharibu hawezi kukuonyesha alipoharibu. Nimewahi kumsikia mmoja akimwapia mteja kwamba mlango ule haujawahi kupasuka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesema kweli tupu.

Kazi hiyo nilimfundisha mimi. Yeye anakataa. Anasema kitu pekee nilichomfundisha ni kutoroka kabla vyombo havijaoshwa. Mwache aseme. Mimi ni kaka yake, tumenyonya ziwa moja, ni mjomba wa watoto wake, na kule mlimani kwenye kiwanda cha kupasua mbao hakuna anayelijua gogo kama mimi. Nikiligonga kwa kisigino cha shoka nakuambia kama ni zima au linaumwa, na kama linaumwa nakuambia ugonjwa umeingilia wapi. Shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji. Watu wananiita Magogo, na wale wanaosema jina limetokana na umbo la kichwa changu ni wivu unawasumbua.

Karakana anayofanyia kazi dada yangu ni ya Timazi. Huyu ni kaka wa marehemu mume wake, kwa hiyo ni shemeji yake, na mimi nikipita humohumo ni shemeji yangu. Dada alipofiwa, watoto wakiwa bado wa kubebwa, wengine walikuja na hotuba ndefu. Timazi hakuhutubu. Alihamisha rundo la mbao lililokuwa kwenye kona ya dirisha, akafagia, akaweka kigoda. "Kaa hapa," akasema, akarudi kwenye randa yake. Tangu siku hiyo kona ile ni ya Mama Gundi. Watoto wamekulia chini ya benchi lile, wameanza kutembea kwa kushika miguu ya viti vya wateja, wameondoka wameanza maisha yao. Kona bado ni yake.

Jina la Timazi limetokana na ile kamba yenye kitu kizito mwishoni ambayo waashi huning'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Hawezi kuona kitu kimepinda akanyamaza. Akiingia nyumbani kwako, kabla ya salamu ameshainyoosha picha ukutani. Kwenye mazishi ya jirani yetu alinong'ona kwa wabebaji wa kushoto wanyanyue kidogo, jeneza limelalia upande. Na katika dunia nzima iliyopinda, kitu alichokichukia kuliko vyote ni tundu kwenye mbao.

"Mbao yenye tundu ni suruali yenye tundu," alikuwa akiwaambia wateja. "Wewe utaitoa mbele za watu?"

Sasa nikupandishe mlimani kwangu, kwa sababu balaa lilianzia huko.

Nilipoanza kazi, asubuhi za kule zilikuwa za makoti mawili, na mvua ilikuwa na adabu, ikisema inakuja inakuja. Siku hizi inakuja kama mgeni asiyetoa taarifa, inamwaga kila ilichobeba, inaondoka, na hujui utaiona lini tena. Baridi nayo imelegea. Misonobari inashinda na kiu. Bwana misitu alitueleza, jambo ambalo mimi nilikuwa nimeshalinusa, kwamba msonobari wenye maji ya kutosha ukitobolewa na mdudu unamzamisha kwa utomvu. Wenye kiu hauna hata mate ya kumtemea. Basi wale wadudu, weusi, wadogo kama punje ya mchele, wanajipenyeza chini ya gome kwa maelfu. Mti unaanza kuwa mwekundu kileleni, wekundu unashuka, na siku moja unaugonga kwa shoka unasikia sauti ya debe. Mlima uliokuwa kijani pande zote sasa una mabaka kama blanketi lililolaliwa na sigara.

Miti hiyo lazima ikatwe kabla haijaanguka au kushika moto, na ndiyo tunayopasua. Mbao zake ni ngumu kama za zamani, zinashika msumari kama za zamani. Ila zina matundu ya kuingia sindano, na zina michirizi ya bluu, kwa sababu mdudu huja amebeba ukungu mwilini, na ukungu huo unaipaka mbao rangi kama wino uliomwagika kwenye daftari.

Nilipopeleka mzigo wa kwanza wa namna hiyo karakana, Timazi alichukua ubao mmoja, akauelekeza kwenye jua, akachungulia.

"Magogo, umeniletea nini?"

"Mbao, shemeji."

"Hili ni chujio la chai."

"Ni mbao zenye madirisha. Kabati litapumua."

Hakucheka. Timazi hucheka mara moja kwa mwaka, na mwaka ule alikuwa ameshacheka.

"Nipe za kawaida."

"Za kawaida ndizo hizi. Panda mlimani ukaniulizie miti."

Akazichukua kwa sababu alikuwa na kazi ya Mama Saluni. Huyu ni mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyekuwa anafungua saluni mpya ya nywele karibu na maduka na alitaka kabati kubwa la vifaa. Timazi akalijenga, limenyooka kama sala, kisha akamkabidhi Mama Gundi azibe.

Dada akaziba. Akaziba mpaka kidole gumba kikachubuka. Lakini hapo ndipo ufundi wake ulipomgeuka. Makopo yake hayakuwa na unga wa bluu. Akitia mweupe, kwenye mchirizi wa bluu unatokeza. Akitia wa kahawia, unatokeza kwingine. Akipaka vanishi, kila tundu lililozibwa linaitika. Kabati lilipokamilika lilikuwa kama mtu aliyepona tetekuwanga juzi.

Mama Saluni akalizunguka mara moja, mkoba kwapani.

"Fundi, hili linaambukiza?"

"Mama, ni mbao za siku hizi…"

"Mimi wateja wangu wanakuja kupendeza. Wakiliona hili watafikiri ndiyo wataondoka hivyo. Nitengenezee kingine."

Alipoondoka, Timazi aliviringisha penseli vidoleni. Kisha akasema ameamua. Ataacha mbao, atachukua mbao za kiwandani, zile zinazogandamizwa kutokana na vumbi na gundi halafu zinavishwa karatasi yenye picha ya mbao. Hazina jicho, hazina ufa, hazina tundu. Zinafika zimeshavaa. Kinachohitajika ni mashine ya kubandika ukanda kwenye kingo, na mashine hiyo inataka mahali penye mwanga.

Penye mwanga katika karakana nzima ni mahali pamoja tu, kona ya dirisha. Mama Gundi alikuwa amekalia kigoda chake hapohapo, anasikia kila neno.

"Na mimi, shemeji?"

"Wewe umefanya kazi ya kutosha. Binti yako si alisema ukakae kwake?"

"Nikafanye nini? Nimsaidie mkwe wangu kutazama televisheni?"

"Utapumzika."

"Nimechoka lini? Nani aliniona nimechoka?"

Timazi akaangalia pembeni. Si mtu mbaya, nakuambia. Mtu mbaya angemwangalia usoni.

"Mashine inakuja mwisho wa mwezi," akasema.

"Mpaka ije, kona ni yangu?"

"Ni yako."

"Basi na yale makopo usiyaguse."

Kesho yake alinifuata mlimani. Alipanda na lori la magogo, kitambaa kimefungwa kichwani kama mtu anayekwenda kugombana. Alitaka kuchagua mwenyewe mbao zenye matundu machache, amtengenezee Mama Saluni kabati jingine lisilo na ndui, Timazi aone kwamba kona ile bado ina kazi. Nikampitisha kiwandani kote, nikimsimulia jinsi nilivyoua nyoka kwa mkono mmoja huku wa pili ukiendesha msumeno. Hakusikiliza. Aligeuza ubao baada ya ubao, akichomeka sindano ya kushonea kwenye kila tundu, akiguna. Hakupata.

Nyuma ya kiwanda kuna rundo la mabanzi, yaani vile vipande vya nje kabisa vya gogo, upande mmoja gome na upande mwingine umepasuliwa. Hayo ni takataka zetu, watu huja kuyachukua kwa kuni. Dada alikaa juu ya rundo hilo kupumzika, mkono wake ukashika gome, gome likabanduka zima kama ganda la yai lililochemshwa.

Akanyamaza. Dada yangu kunyamaza ni jambo la kuitisha mkutano, nikasogea.

Chini ya gome, kwenye mbao yenyewe, kulikuwa kumechorwa. Mstari mmoja wima, mnene, na kutoka pande zake zote mbili mistari myembamba imetoka ikienda nje, mingi, imepindapinda kwa pamoja, kila mmoja ukinenepa kadiri unavyokwenda. Pembeni mchoro mwingine, na mwingine. Banzi zima.

"Nani kachonga hivi?"

"Wadudu." Nikavuta pumzi, maana hapa ndipo mahali pangu. "Mama mdudu anachimba barabara hii ya katikati, anataga mayai kandokando. Watoto wakianguliwa kila mmoja anachimba njia yake kwenda upande wake. Anaanza mdogo, njia ni uzi. Anakula, ananenepa, njia inanenepa. Mwisho anatoboa gome, anaruka zake."

"Na hawagongani?"

"Hawagongani. Angalia mwenyewe."

"Wangu walikuwa hawawezi kupita mlango mmoja bila kupigana." Akafuata mstari kwa kidole mpaka mwisho. "Na sasa wako wapi?"

"Wameondoka zamani. Chakula chao ni ule utamu wa chini ya gome. Mbao ikikauka hawana la kufanya humo."

Akaendelea kubandua, banzi la pili, la tatu, magome yakimrundikia miguuni. Mabanzi mengine aliyatupa, mistari imevurugika. Mengine aliyaweka kando, uso juu. Nilimwona anavyochagua na nikajua si mchezo. Mtu aliyekaa miaka na matundu ya watu anajua lipi ni mchubuko na lipi ni uso.

"Kaka, nipasulie haya. Nipunguzie upande wa ndani, huu wa nje uniachie."

"Dada, watu wanatulipa tuwatolee huo wa nje."

"Mimi ni watu? Mimi ni dada yako. Pasua."

Nikapasua. Na hapa lazima nijisifu, maana asiyejua atadhani ni kazi rahisi. Nilichagua magogo manene ili mgongo wa banzi usiwe na mviringo mkubwa, nikayakata kuwa vipande vyembamba vinavyoweza kulala ubavu kwa ubavu, nikavitia kwenye tanuri la kukaushia pamoja na mzigo wa kiwanda, joto likapita mpaka moyoni. Kama kulikuwa na mdudu aliyesahaulika na wenzake, aliivia humo.

Kwenye kona yake Mama Gundi alifanya kinyume cha maisha yake yote. Badala ya kuficha, alisaga masizi ya sufuria, akayachanganya na gundi nyepesi, akayasugua kwenye njia zile kwa kidole mpaka zikawa nyeusi. Akafuta juu, weusi ukabaki ndani ya mistari tu. Akavigandisha vipande kimoja kwa kingine, akivipanga ili njia za kipande hiki zielekee kwenye njia za kile, ile michirizi ya bluu ikipita chini yake kama kivuli. Halafu vanishi. Anapaka, inakauka, anapiga msasa, anapaka tena, mpaka vijia vyote vikajaa na ukipitisha kiganja ni laini kama kioo, lakini jicho linaona mabonde.

Kikatoka kipana, uso wa meza. Uso bila miguu.

"Shemeji, nifungie miguu," akamwambia Timazi.

"Mkono wangu hautagusa kitu hicho."

"Kimekufanya nini?"

"Nimeumaliza ujana wangu kuwafundisha watu kuwa tundu ni aibu. Leo uliweke katikati ya meza, ulipake na masizi lionekane zaidi? Hapana. Tena wadudu wakiwa hai humo ndani? Siku meza itakapodondosha unga sebuleni kwa mtu, jina litakalotajwa si lako, ni langu."

Hilo la mwisho lilikuwa neno la fundi. Dada akanitazama mimi.

Nikatengeneza miguu. Nitasema ukweli kuhusu miguu ile: ilikuwa minne. Kila mmoja ulikuwa na msimamo wake katika maisha. Meza ikasimama kwenye kona ya dirisha ikitikisika hata nzi akitua.

Timazi akapita mara ya kwanza, akageuza uso. Akapita mara ya pili, akaona imeinamia kushoto, akakohoa. Alijaribu kula chakula chake cha mchana akiwa ameipa mgongo, lakini niliiegemea kidogo kwa bahati mbaya, ikalia ko! Akaacha kijiko. Nikaiegemea tena. Ko!

"Magogo, ondoa kiwiko."

"Sijaigusa, shemeji. Inapumua."

Akasimama, akapanda kwenye boriti za paa ambako huweka mbao zake za akiba. Hizo ni mbao ngumu alizoachiwa na baba yake, za manjano, safi, hazina tundu hata la kusingiziwa. Huwa anazifuta vumbi na hazitumii, kama watu wanavyotunza sahani za wageni. Akachukua moja, akakata, akapiga randa, na jioni haijafika miguu yangu ilikuwa kwenye lundo la kuni na meza imesimama kama askari.

"Nimefanya hivi kwa ajili ya sakafu," akasema. "Si kwa ajili ya meza."

Mama Saluni alikuja kuulizia kabati lake jipya. Aliingia akiwa ameanza kulalamika tangu barabarani, akapita kwenye kona, sentensi ikamkatikia mdomoni. Akaweka mkoba chini. Akainama.

"Nani kasuka hii?"

"Kasuka?" Timazi akauliza.

"Si kichwa hiki? Angalia, njia ya katikati, mistari inashuka huku, inashuka huku. Mimi msichana wangu hodari hawezi kuigawa hivi." Akaipapasa. "Naitaka hii. Weka kioo mbele, mteja anakaa hapa. Tena ikikaa vizuri nataka na fremu za vioo vyote, namna hii hii."

Mama Gundi alikuwa anafuta mikono, polepole sana. Timazi akasema kabla hajasema yeye:

"Mama, ni mbao ya wadudu. Mimi sikuuzii kitu nisichokuwa na uhakika nacho."

"Wadudu?" Mkono ukatoka mezani haraka. "Kwenye nywele za watu?"

"Walishaondoka," akasema dada yangu.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Mimi sina," akasema Timazi.

Mama Saluni akawatazama wote wawili, akafungua mkoba, akatoa shuka jeusi, lile la kuwafunika wateja mabega. "Tandikeni hili chini yake. Meza ikae juu yake, mtu asiiguse, mtu asipige msasa karibu. Nitarudi wiki ijayo. Shuka likiwa safi, nachukua meza na fremu. Likiwa na unga, nataka kabati langu la kawaida na tusahauliane."

"Na mashine yangu inakuja wiki hiyohiyo," Timazi akasema, akimwangalia shemeji yake. "Likiwa na unga, kona naihitaji."

"Likiwa na unga," akasema Mama Gundi, "nitayafunga makopo mwenyewe."

Wiki ile nilipata sababu nyingi za kushuka mjini. Msumeno ulihitaji kunolewa, kiatu kilihitaji kushonwa, jino liliuma. Kila nikipita, dada yangu alikuwa amekaa mlangoni akipiga msasa kazi za watu, mgongo ameupa kona. Hakutaka kutazama. Alisema si yeye wa kulinda, mwenye wasiwasi ndiye alinde. Nami nikajua ana wasiwasi, maana alikuwa haimbii puani.

Mama Saluni akaja. Tukasogea sote. Timazi akawasha tochi ya simu, akapiga magoti.

Kwenye shuka jeusi kulikuwa na unga. Kirundo kidogo, kama chumvi iliyomwagika mtu akionja.

Timazi hakufurahi, na hilo nitamshuhudia popote. Alizima tochi akabaki amepiga magoti.

"Basi," akasema Mama Saluni. Akaanza kutafuta pembe ya shuka alivute.

"Acha hivyo!" Mama Gundi akasema. "Usilitikise."

Akaenda dirishani, akarudi na makopo mawili. Akapiga magoti kando ya Timazi, akachota unga mweupe wa msonobari, akaumwaga kidogo pembeni ya kile kirundo. Akachota wa kopo la pili, wa manjano, akaumwaga upande mwingine. Akachukua simu mkononi mwa shemeji yake, akaiwasha.

Mweupe ulikuwa peke yake. Ule uliodondoka na ule wa kopo la pili vilikuwa rangi moja. Na kirundo chenyewe hakikuwa katikati ya meza. Kilikuwa kimelala kwenye kisigino cha mguu, kama mtu aliyekaa mlangoni kwake.

"Huo si unga wa meza yangu," dada akasema. "Ni wa mguu wako."

"Haiwezekani."

"Lala chini basi, uangalie."

Timazi akalala chali kwenye sakafu yake, katikati ya takataka za randa, mtu ambaye hukunja suruali asichafuke. Akapapasa mguu kwa upande wa ndani. Kulikuwa na tundu moja, jipya, kingo zake safi kama limetobolewa asubuhi ile. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Unga wa manjano ukamdondokea kwenye ndevu.

Akainuka bila kujipangusa, akapanda kwenye boriti, akaugonga ubao wa kwanza wa baba yake. Tukaona vumbi la manjano likishuka taratibu kwenye mwanga wa dirisha, likatua kwenye upara wake alipouinamisha. Akaugonga wa pili. Akaacha kugonga.

"Nimekuwa nikiziangalia kila mara," akasema akiwa juu huko. "Hazikuwa na tundu hata moja."

"Ndiyo, shemeji," nikamwambia. "Kwa sababu walikuwa bado humo. Hawa ni wale wanaopenda mbao kavu, si wale wa mlimani. Tundu ni la kutokea."

Timazi akashuka, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu. Kilikuwa cha dada yangu, cha konani, na sidhani alijua amekaa wapi. Dada akachukua brashi ya kufutia vumbi, akampa ajipanguse kichwa.

"Mimi nina watu wananisubiri," akasema Mama Saluni. "Meza nachukua au sichukui?"

Wote tukamtazama Timazi, kwa sababu karakana ni yake na jina ni lake.

"Uso wa meza ni mzima," akasema. "Miguu nitaibadilisha leo hii." Akanigeukia. "Magogo, zile mbao za madirisha zimebaki?"

"Zimejaa tele, shemeji. Na mabanzi tunayatupa."

"Acheni kuyatupa."

Meza iko saluni mpaka leo, na fremu za vioo zinaizunguka. Wateja huzifuata njia zile kwa ukucha wakisubiri zamu. Mama Saluni huwaambia kazi hiyo kafanya mdudu akasaidiwa na mwanamke mmoja mwenye mdomo. Wengine wamekuja karakana kutaka vichwa vya vitanda, milango ya kabati, trei. Usidhani kila mtu anapenda. Mzee mmoja aliangalia akauliza kwa nini tunauza ugonjwa. Mimi mwenyewe, ukiniuliza nikiwa mlimani na ule wekundu umeshuka tena mpaka bonde jingine, nitakuambia ningependa kijani changu nirudishiwe, hiyo michoro wadudu wakae nayo. Lakini mti umeshakufa, na mtu akiona njia ya kuutendea haki kuliko kuni, mimi ni nani nimkataze.

Mashine ya Timazi ilikuja. Ilikuwa imeshalipiwa. Imewekwa karibu na mlango, chini ya taa ya umeme, na anaitumia kwa wanaotaka mbao za kiwandani. Kona ya dirisha haikuguswa. Makopo yamebaki yaleyale, limeongezeka moja tu, la masizi, na mteja akileta kitu chenye tundu Mama Gundi humtazama usoni kwanza.

"Tulizibe au tuliache lionekane?"

Mbao za baba yake Timazi nilizipandisha mlimani mwenyewe, nikazipitisha kwenye tanuri. Nyingine hazikufaa. Zilizofaa zimerudi kwenye boriti, na chini yake kumening'inizwa shuka jeusi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua madirisha, Timazi husimama kwenye kigoda na tochi, analikagua, halafu analinyoosha kwa sababu upande wa kushoto huwa umeshuka kidogo.

Juzi nilimkumbusha dada kwamba bila miguu yangu mibovu Timazi asingeigusa meza, na bila Timazi kuigusa, wadudu wake wasingejulikana, wangehamia kwenye boriti, na paa lingekuja kuwaangukia. Kwa hiyo ukipima vizuri, mwenye kazi ile ni mimi.

"Ni kweli, kaka," akasema, bila kuinua macho kwenye msasa. "Nilikuchagua kwa sababu nilijua itatikisika."

Akaendelea kuimbia puani.